Wachungaji wa Boyoma, Kaeni na Watu Wenu

Tarehe 21 Novemba 1964, maaskofu wa Kikatoliki waliokusanyika Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitangaza hati ya Lumen Gentium. Ndani yake wanafundisha kwamba kila aliyebatizwa, awe padri au mama muuza kwanga sokoni, ana sehemu yake katika kazi tatu za Kristo: unabii, ukuhani na ufalme. Siku hiyo mji wetu wa Kisangani, Boyoma yetu, ambao bado uliitwa Stanleyville, ulikuwa mikononi mwa waasi wa Simba tangu mwanzo wa Agosti. Siku tatu baadaye askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka alfajiri, risasi zikalia mitaani, na waliokufa, Wakongomani kwa wageni, hawakuhesabika vizuri mpaka leo. Na siku kumi baada ya hati ile, huko Isiro, sista kijana wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka, Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliuawa kwa kumkatalia kanali mwenye bunduki. Kabla ya kukata roho alimsamehe.

Alikuwa hajafikisha miaka 25. Hakuwa na cheo chochote katika Kanisa, na sidhani habari za hati ya Roma zilikuwa zimefika Bafwabaka wiki ile ya vita. Lakini tazameni alichofanya usiku ule. Alimwambia mwenye nguvu kwamba anachotaka ni dhambi: huo ni unabii. Alitoa uhai wake, na katika kuutoa akamwombea anayeuchukua: huo ni ukuhani. Hakukubali hofu imtawale: huo ni ufalme, na hati ile ile inafundisha kwamba Mkristo anapaswa kuushinda utawala wa dhambi ndani yake mwenyewe. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa. Sisi wa Kisangani tunamwimbia. Nauliza kama tunamfuata.

Nawaandikia ninyi, mapadri wa jimbo kuu, wachungaji wa jumuiya za Kanisa la Kristo Kongo, watumishi wa makanisa ya uamsho, wazee wa kanisa, mama viongozi wa mashirika ya mtaani, na wewe katekista unayepiga baiskeli barabara ya Ituri na barabara ya Buta kwenda kuongoza ibada ambako padri hufika mara chache kwa mwaka. Nina neno moja tu kwenu. Kristo alizibeba kazi hizo tatu kwa pamoja, nasi hatukupewa ruhusa ya kuchagua mojawapo na kuziacha mbili. Na kipimo cha kujua kama tunazibeba ni chepesi kukitaja, kizito kukiishi: je, tunakaa na watu wetu?

Mafundisho haya si ya dhehebu moja. Katika Agano la Kale walipakwa mafuta makuhani na wafalme, na manabii pia walihesabiwa kati ya wapakwa mafuta. Yesu akaja akakusanya yote hayo ndani yake. Mababa wa Kanisa waliliona jambo hilo mapema. Jean Calvin alilipanga vizuri katika kitabu chake kikuu cha mafundisho, toleo la mwaka 1559, na Waprotestanti wakalishika. Mtaguso wa Vatikano ukalieneza kwa Wakatoliki wote, walei kwa makleri. Kwa hiyo hapa mtu wa kanisa kuu la Notre-Dame na mtu wa misheni ya Kiprotestanti ya Yakusu wanasoma somo moja. Mwenye shaka kwamba kazi hizi tatu hazitengani na aende kwenye maporomoko akawaangalie Wagenia. Wanasimika miti mikubwa mitatu mitatu kwenye mashimo ya mwamba, wanaifunga kwa kamba za msituni, kisha wanatundika vikapu vyao katikati ya maji yanayochemka. Mti mmoja ukilegea, mto unachukua kikapu, samaki na kazi ya msimu mzima.

Mjini kwetu miti imelegea. Lazima tuseme.

Wapo walioushika ufalme peke yake. Kiti chao madhabahuni kimekuwa kirefu kuliko meza ya Bwana, cheo kinapanda kila mwaka, mchungaji anakuwa askofu, askofu anakuwa mtume, na muumini akitaka kumwona lazima apite kwa walinzi wawili. Wapo walioushika unabii peke yake, tena wameupunguza ukawa utabiri: nani atapata safari, nani ataolewa, na shangazi gani ndiye anayefunga nyota ya familia. Unabii wa namna hiyo umewafukuza watoto nyumbani. Tunawaona wamelala kwenye vibaraza vya maduka pale mjini, watoto wa miaka minane au tisa, walioitwa wachawi mbele ya kusanyiko na mtu mwenye maikrofoni. Ewe uliyelitaja jina la mtoto yule, Mungu hakukutuma. Rudi kwa familia ile, ukaseme hivyo kwa sauti ile ile uliyomtajia. Na wapo pia walioushika ukuhani peke yake, kwa maana ya ibada tu: kanzu safi, misa kwa saa yake, vitabu vimepangwa, na mlango wa nyumba ya mapadri unafungwa saa kumi na mbili jioni hata kama mtaa unawaka moto.

Twende kwa Kristo nabii. Aliporudi Nazareti alikolelewa, alisoma chuo cha Isaya katika sinagogi, na watu wakapendezwa mpaka alipowaambia kwamba neema ya Mungu haina mipaka ya kabila lao. Hapo wakamtoa nje ya mji wapate kumtupa chini ya kilima. Nabii wa kweli hufahamika hapo: analiambia kusanyiko lake mwenyewe lile ambalo halitaki kulisikia. Nathani alimwendea Daudi ikulu akamweleza habari ya kondoo mmoja wa maskini. Hakumtabiria Daudi chochote mpaka kwanza amweleze alichofanya.

Kisangani tumelelewa na watu wa namna hiyo. Laurent Monsengwo Pasinya, aliyekuwa askofu mkuu wetu tangu 1988 hadi 2007, alikuwa msomi wa Biblia kabla ya kuwa kiongozi wa taifa. Mwishoni mwa 1991, nchi ilipotafuta mtu wa kuongoza Mkutano Mkuu wa Kitaifa mbele ya utawala wa Mobutu, kiti kile kilikabidhiwa mikononi mwake. Mtu aliyezama katika Maandiko ndiye aliyeaminiwa kusimama kati ya dikteta na wananchi. Baadaye Askofu Mkuu Marcel Utembi, akiwa rais wa baraza la maaskofu, CENCO, aliongoza mazungumzo yaliyozaa makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016, wakati nchi ilipokuwa ukingoni kwa sababu uchaguzi haukufanyika. Mnaweza kubishana juu ya matunda ya meza zile mbili. Wanasiasa walivunja mengi waliyoyatia saini. Lakini hakuna anayeweza kusema wachungaji hawa walijifungia sakristia.

Sasa, ndugu mchungaji, huenda hutaitwa kuongoza mkutano wa kitaifa. Unabii wako uko kwenye benchi la tatu kanisani kwako. Yupo pale baba anayetembea kwa fimbo tangu Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini mwetu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Mfuko wa FRIVAO uliundwa kwa ajili ya wahanga, na ofisi yake iko hapa hapa mjini. Je, baba yule ameandikishwa? Ana karatasi gani? Nani alimsomea fomu, maana imeandikwa Kifaransa naye anajua Kiswahili na Kilokele? Umehubiri mara ngapi juu ya haki ya Mungu bila kumuuliza maswali hayo? Mpeleke. Simama naye kwenye foleni. Na wenye mamlaka wakichelewesha au wakila jasho la majeruhi, sema mimbarani, kwa ushahidi, bila matusi na bila woga.

Ukuhani ndio ninaotaka kukaa nao zaidi, kwa sababu ndio tuliousahau kwa namna mbaya zaidi: tumebaki na mavazi yake, tukaacha kazi yake.

Nenda matanga yoyote Mangobo au Kabondo. Turubai limefungwa kutoka ukingo wa bati mpaka kwenye mwembe, viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani watatu tofauti, wamama wamekaa chini kwenye mkeka wakimzunguka aliyefiwa, mmoja anapepea makaa chini ya sufuria ya chai. Saa tatu usiku gari linasimama. Mchungaji anashuka, kila mtu anainuka, anapewa kiti cha mbele, anahubiri ushindi kwa nusu saa kwa sauti kubwa, anapokea bahasha ya usafiri, anaondoka kabla chai haijaiva. Sasa mtazame mwingine. Amefika mchana, hakuna aliyemtangaza. Anavua koti, anashika kamba ya turubai pamoja na vijana. Anakaa karibu na baba wa marehemu na kwa muda mrefu hasemi neno. Kisha anauliza taratibu: jeneza limefika wapi? Hospitali bado inadai kiasi gani ili maiti itoke? Nani atalala na mama usiku huu? Anatoa daftari dogo mfukoni, anaandika majina ya watakaochanga. Usiku wa manane bado yupo.

Waraka kwa Waebrania unatueleza kuhani wa namna hii. Hakuwa wa kabila la Lawi, hakurithi ukuhani kwa ukoo. Alijaribiwa kama sisi, alilia kwa machozi, akateswa nje ya lango la mji. Makuhani wa zamani walileta damu ya mnyama. Yeye alijileta mwenyewe. Ndiyo maana mwandishi anasema anaweza kutuhurumia: anajua udhaifu wetu kwa kuuonja. Kuhani asiyefika nje ya lango amebaki na kanzu tu.

Mji huu umekuwa nje ya lango mara nyingi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya Kisangani kana kwamba hapakuwa na watu. Mamia ya raia waliuawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inataja nyumba zaidi ya 400 zilizobomolewa, shule, hospitali, na kanisa kuu la Notre-Dame likiwa kati ya majengo yaliyoharibiwa. Vita vilipokwisha ilikuwa Jumamosi. Kesho yake, tarehe 11, ilikuwa Pentekoste. Fikirini kazi ya mchungaji Jumapili ile, kusimama mbele ya mabenchi ambayo wenyewe hawatakaa tena, kutangaza Roho Mtakatifu kwa watu ambao masikio yao bado yanavuma kwa mabomu. Hakuna semina inayomfundisha mtu hilo. Waliobaki wanakumbuka nani alikuwepo.

Miaka miwili baadaye, Mei 2002, baada ya maasi ya askari dhidi ya wakuu wao wa kundi la waasi la RCD-Goma, zaidi ya watu mia waliuawa kwa kisasi. Wakazi wa Mangobo waliburutwa kutoka majumbani. Wengine waliuawa usiku kwenye daraja la Tshopo na miili yao ikatupwa mtoni ndani ya magunia yenye mawe. Kila asubuhi wanafunzi, pikipiki na baiskeli za toleka huvuka daraja lile. Ni makanisa mangapi ng'ambo hii na ile yana ibada ya kuwakumbuka kwa majina? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na watu wetu wamejifunza kupima makanisa kwa dhiki. Hawasahau.

Nimtaje na mgeni mmoja, kwa sababu alikufa kwenye ardhi yetu. Daktari Paul Carlson, mmisionari Mmarekani wa hospitali ya Wasolo kule Ubangi, aliivusha familia yake mpaka Jamhuri ya Afrika ya Kati vita vilipokaribia, kisha akarudi kwa wagonjwa wake. Waasi walimkamata wakamleta Stanleyville. Tarehe 24 Novemba 1964 alipigwa risasi akipanda ukuta ili aokoke. Alikuwa na njia ya wazi ya kutorudi. Wagonjwa walikuwa Wasolo, basi naye akawa Wasolo. Mapadri na masista wengi wa eneo letu walifanya vivyo hivyo mwaka ule, akiwemo Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliyeuawa siku mbili baadaye. Kabla hujasema kwamba mtaa wako ni mgumu, ndugu, wakumbuke.

Na ufalme? Ufalme hauondolewi, unarudishwa mahali pake. Kristo ni Mfalme kweli. Mwaka 1925 Papa Pius wa Kumi na Moja aliiweka sikukuu yake kwenye kalenda ili wakuu wa dunia wakumbuke kwamba yuko aliye juu yao. Lakini Mfalme huyu aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda wa kuazima, na usiku wa mwisho alivua vazi, akajifunga taulo, akachukua beseni la maji. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa mabavu, na kwamba kwao isiwe hivyo. Kwenu isiwe hivyo, wachungaji. Mkiosha miguu Alhamisi Kuu pekee, tena miguu iliyokwisha kuoshwa nyumbani, hamjaanza.

Kutawala kama Kristo kuna mambo ya kawaida kabisa ndani yake. Kuna hesabu ya sadaka inayosomwa mbele ya watu kila mwezi, faranga kwa faranga, na anayeisoma si mke wa mchungaji. Kuna kumwandaa mtu atakayekupokea kazi ukiwa bado na nguvu. Kuna kukubali kwamba mama anayeongoza shirika la mtaa wako anawajua waumini kuliko wewe, na kumpa nafasi ya kuamua.

Na kuna jambo zito kuliko hayo yote hapa Tshopo. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu Lubunga na vijiji vya ng'ambo ile ya mto. Nyumba zimechomwa, maelfu wamekimbilia mjini. Mchungaji Mmbole na mchungaji Mlengola wote wanahubiri Kristo Mfalme. Basi swali ni moja: vijana wa kabila lako walipochukua mapanga, walikukuta upande gani wa njia? Mfalme aliyetundikwa msalabani alikuwa na anwani juu ya kichwa chake iliyoandikwa kwa lugha tatu, ili kila apitaye asome kwa lugha yake. Mchungaji anayegeuka chifu wa ukoo wake amejivua utumishi huo kwa mikono yake mwenyewe. Ninyi viongozi wa makanisa pande zote mbili, mna kitu ambacho gavana hana wala jeshi halina: watu wa makabila yote mawili walipiga magoti pamoja mbele yenu. Waiteni tena. Kaeni nao kwenye benchi moja, siku ya kwanza hata kama hakuna atakayesema lolote.

Msiseme mila zetu hazina mfano wa mtu aliyerudi kwa waliomuumiza au walioumizwa pamoja naye. Disasi Makulo alikuwa mtoto wa eneo la Basoko, chini ya mto kutoka hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikamatwa na wawindaji wa watumwa wa Tippu Tip, mvumbuzi Stanley akamkomboa, akalelewa na mmisionari George Grenfell. Angeweza kuishi maisha yake yote karibu na wazungu, akiwa salama, amevaa vizuri. Alirudi juu ya mto kwa watu wake, akafundisha na kujenga misheni Yalemba na Bandio, kati ya watu walioonja utumwa ule ule. Maisha yake yaliandikwa na mwanawe. Kila mchungaji kijana wa Tshopo angepaswa kuyasoma kabla ya kuwekewa mikono.

Kwa hiyo simameni. Hamhitaji ruhusa ya mtu wala mfadhili kutoka nje ili kuanza. Wiki hii tafuta familia mbili zilizopoteza watu Juni 2000 na uandike majina yao kwenye daftari la kanisa, ili tarehe 5 Juni ikirudi yasomwe madhabahuni na watu wayaitikie. Wakusanye mwanasheria mmoja wa parokia na vijana watatu wanaoandika Kifaransa vizuri, wawasaidie wahanga na fomu zao kila Jumamosi. Kama kuna mtoto aliyefukuzwa kwao kwa neno lililotoka kanisani kwako, mtafute kabla ya Jumapili. Mkutano wa wazee ukikaa, weka hesabu mezani kabla ya sala ya kufungua. Na wewe unayesema Lubunga ni mbali na hali ya huko si nzuri, mitumbwi ya injini inavuka tangu asubuhi, na katika watu wanaosubiri ng'ambo ile kuna waliobatizwa kwa mikono yako. Panda.